Kupanua kaakaa ukiwa mtu mzima: maumivu yapi uvumilie, yapi yakufanye uweke ufunguo chini

Tabasamu_Jipya (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Kila nikipita mitandaoni nakutana na kijana wa miaka ishirini na kitu aliyeambiwa taya lake la juu ni jembamba, awekewe kipanuzi cha kaakaa, yaani kifaa cha chuma kinachofungwa juu ndani ya kinywa kulitanua taya hilo. Anauliza kama inauma. Anajibiwa na wawili: mmoja anasema haiumi kabisa, mwingine anasema ni mateso ya kuzimu. Majibu yote mawili yanamwacha palepale alipokuwa. Mimi nimevaa kipanuzi mara mbili. Cha kwanza kilishindwa, cha pili kikafanya kazi, na vyote viwili viliuma. Tofauti ya namna vilivyouma ndiyo iliyonifanya nifungue uzi huu, kwa sababu laiti ningeijua mapema ningeokoa fizi ya gego langu.

Nilikuwa na miaka 23. Nikifunga mdomo, meno ya juu upande wa kulia yalikuwa yanaingia ndani ya yale ya chini, na taya linateleza pembeni kila ninapotafuna. Daktari alinifunga kipanuzi cha kawaida: bendi nne za chuma kwenye magego na meno yanayoyatangulia, skrubu katikati ya kaakaa, na ufunguo mwembamba wa waya nikapewa niende nao nyumbani. Kila ukizungusha mara moja, skrubu inafunguka robo milimita.

Mara ya kwanza nilisimama mbele ya kioo, simu mkono mmoja ikinimulikia kinywani, natafuta tundu. Kamba ya ufunguo nimeizungusha kidoleni, maana ukikuponyoka ni rahisi kuumeza. Unausukuma kutoka mbele kwenda nyuma, kuelekea kooni, mpaka tundu linalofuata lionekane lote. Nikamaliza. Kwa sekunde chache hakuna kitu. Kisha meno yote ya juu yakajaa kwa pamoja, kama yanabanwa kutoka ndani, na ule mbano ukapanda pembeni mwa pua mpaka katikati ya macho. Machozi yakatoka yenyewe. Baada ya kama dakika ishirini ukapungua, na usiku nikalala vizuri.

Hayo ndiyo maumivu niliyoambiwa niyatarajie, na kwa siku tatu yalikuwa hivyohivyo. Kuanzia siku ya nne yakabadilika. Kule puani kukanyamaza kabisa. Badala yake magego mawili ya kulia yakaanza kuuma yenyewe, upande wa nje, kwenye fizi inayogusana na shavu. Kila nikizungusha, yanachukua muda mrefu zaidi kutulia: saa moja, saa tatu, halafu usiku mzima. Ufunguo ukawa mgumu. Siku ya nane niliona kabisa skrubu inarudi nyuma kidogo nikitoa ufunguo. Na meno ya mbele yalikuwa yamebanana vilevile, hakuna mwanya.

Nikaendelea. Nilijiambia mimi ni mtu mzima, nikimpigia daktari simu kwa sababu ya maumivu ya meno ataniona mtoto. Siku ya kumi na moja gego moja lilikuwa linacheza nikiligusa kwa ulimi.

Picha ya CT, ile eksirei inayoonyesha mfupa kwa ndani kipande kwa kipande, ilionyesha mshono wa kaakaa, pale mifupa yake miwili inapokutana katikati, haujaachana hata kidogo. Nguvu yote niliyoisukuma kwa siku kumi na moja ilikuwa imeishia kwenye meno: yameinamia nje, na mfupa mwembamba unaoyashika upande wa shavu umebonyezwa. Kipanuzi kikatolewa. Gego lilikaza tena, lakini fizi yake imeshuka na haijarudi mpaka leo.

Miezi kadhaa baadaye, kwa daktari mwingine, niliwekewa kile kinachoshikiliwa na skrubu nne ndogo zinazoingia kwenye mfupa wa kaakaa wenyewe. Naeleza chini jinsi kilivyokwenda. Kwa sasa naomba aliyepitia hii njia aseme, na anayepitia sasa hivi aulize.

Kichwa_Kizito

Pole sana dada. Uzi huu umenikuta pabaya. Nina miaka 25, leo ni siku ya sita, nazungusha mara mbili kwa siku, kipanuzi cha bendi tupu bila skrubu za mfupani. Kichwa kinauma pembeni, na magego ya kushoto siwezi kutafunia. Mwanya sina. Miadi yangu ni wiki mbili zijazo. Nivumilie?

Tabasamu_Jipya

Ndugu yangu, jioni hii usizungushe. Piga simu kliniki kesho asubuhi, uwaeleze hayo matatu kama ulivyoyaandika hapa: mwanya hakuna, magego yanauma upande mmoja, siku ya sita. Ukikaa siku moja au mbili bila kuzungusha huharibu kitu. Ukiendelea kusukuma mfupa uliokataa ndipo unapoharibu.

Na nijibu kitu kimoja: ulipokuwa unazungusha, ufunguo ulikuwa unaingia laini au unagoma?

Kichwa_Kizito

Jana asubuhi uligoma. Nilitumia nguvu.

Tabasamu_Jipya

Basi waambie na hilo. Usiliache.

Dokta_Mtarajiwa

Niko mwaka wa mwisho wa mafunzo ya udaktari wa meno, kwa hiyo pokeeni haya kama maelezo. Matibabu mtapata kwa anayewaona kinywani.

Kaakaa gumu ni mifupa miwili, kulia na kushoto, inayokutana katikati kwenye mshono. Kwa mtoto mshono huo umenyooka na ni laini, ndiyo maana kipanuzi kinaufungua kwa siku chache. Mtu anavyokua, kingo za mifupa zinaanza kuingiliana kama meno ya zipu, halafu vidaraja vya mfupa vinajengeka na kuziba. Tatizo ni kwamba umri haukwambii umefikia wapi. Persson na Thilander walichunguza mishono ya watu wa miaka 15 hadi 35 na kuchapisha mwaka 1977: walimkuta binti wa miaka 15 ambaye wake umeshaanza kuziba, na mwanamke wa miaka 27 ambaye haukuwa na dalili yoyote ya kuziba. Kwa hiyo "nina 19, bado ni mdogo" si hoja, na "nina 28, nimechelewa" nayo si hoja.

Ndiyo maana siku hizi wengi hupiga picha ya CT kabla ya kuamua. Mwaka 2013 Angelieri na wenzake walipendekeza kuupanga mshono kwa hatua tano, A mpaka E, kwa jinsi unavyoonekana kwenye picha. A na B bado uko wazi. C umeanza kujenga vidaraja, hapo ndipo penye utata. D na E umeziba sehemu au wote. Mtu wa D au E ukimfunga kipanuzi cha bendi tupu, kinachosogea ni meno.

Kuhusu maumivu ya puani na chini ya macho: taya la juu halijasimama peke yake. Limeshikana na mifupa ya pua, ya mashavu, ya paji la uso, na kwa nyuma limeegemea nguzo mbili za mfupa ulio chini ya fuvu. Kwa mtu mzima ukinzani mkubwa uko kwenye mifupa ya mashavu na zile nguzo za nyuma. Ukisukuma kaakaa, mishono yote hiyo inavutwa. Kwa hiyo mbano wa katikati ya macho unaokuja na kuondoka ni wa kutarajiwa, na haumaanishi pua imevunjika.

Maumivu ya gego upande wa nje ni habari nyingine. Hapo ni ule utando unaolizunguka jino ndio unabanwa dhidi ya mfupa mwembamba. Likiuma kidogo siku mbili za mwanzo ni kawaida, hata bendi zenyewe zinaleta hilo. Likizidi kila unapozungusha, simama.

Mwimbaji_Sauti_ya_Pili

Mimi maumivu hayakunitesa sana, nasema ukweli. Kilichonivunja moyo ni ulimi. Naimba, na siku ile nimefungwa nilijaribu kutamka "sisi" ikatoka kama upepo wa mlangoni. S, sh, z na ch zote zilipotea. Ulimi unatafuta kaakaa lake unakutana na chuma. Baada ya wiki moja kingo za ulimi zilikuwa na alama za vyuma, kama ngozi iliyolaliwa na mkunjo wa shuka, na sehemu moja ikachubuka.

Nilichofanya: nilisoma kwa sauti kila usiku dakika kumi na tano, polepole, kurasa zozote zilizo karibu. Wiki ya tatu watu wa karibu wakaacha kuniuliza "umesemaje?". Kwa kuimba ilinichukua miezi miwili kurudi kwenye sauti ninayoiridhia. Na kumeza mate! Hakuna anayekuambia. Siku za mwanzo kinywa kinafikiri kimewekewa chakula, mate yanajaa, na ukitaka kumeza ulimi haujui pa kukanyaga. Usiku wa kwanza niliamka mara nne. Siku ya nne kikaisha chenyewe.

Tabasamu_Jipya

Asante sana kwa hili la mate, mimi nililisahau kabisa na lilinisumbua mno.

Sasa kipanuzi cha pili. Kupachika: daktari anakuchoma sindano za ganzi kwenye kaakaa, na hapo niseme wazi, hizo sindano ndizo zilizoniuma kuliko skrubu zenyewe. Ngozi ya kaakaa imebana juu ya mfupa, dawa haina pa kutanuka. Ni sekunde chache za moto mkali. Baada ya hapo nilisikia kubonyezwa tu, na mlio wa skrubu kwenye mfupa unaosikika ndani ya kichwa kuliko masikioni. Ganzi ilipoisha kaakaa liliuma kama limeungua, siku mbili. Nilikunywa parasetamoli kwa kufuata karatasi yake, sikuhitaji zaidi.

Nilipangiwa kuzungusha mara moja kwa siku. Siku saba mbano ukawa wa katikati peke yake: pua, mzizi wa meno mawili ya mbele, nyuma ya macho. Magego hayakuuma hata siku moja. Siku ya nane, nazungusha jioni, nikasikia "tk" ndogo, kama kijiti kikavu kimevunjwa chini ya nguo. Maumivu makali yakapanda puani, nikashika sinki. Halafu, ndani ya dakika moja, kitu kilichokuwa kimenibana wiki nzima kikaachia. Kesho yake asubuhi ncha ya ulimi ikaingia kati ya meno mawili ya mbele. Mwanya. Nililia kwa furaha mbele ya kioo, sioni haya kusema.

Tangu hapo kila mzunguko uliofuata uliuma kidogo kuliko uliotangulia. Ningekuwa na neno moja tu la kumwambia mtu, lingekuwa hilo: angalia maumivu yanaelekea wapi. Yakiwa katikati ya uso na yanashuka siku hadi siku, mfupa unafunguka. Yakiwa kwenye magego na yanapanda, kuna kitu hakifunguki.

Dokta_Mtarajiwa

Niongeze: wengine hawasikii mlio wowote na mshono umefunguka vizuri, na kwa wachache mwanya ni mdogo sana kuonekana kwa macho. Kwa hiyo kukosa mlio kusiwatie hofu. Kinachothibitisha ni picha.

Na mwanya wenyewe msiuogope. Kipanuzi kikisimama, nyuzi za fizi zinayavuta meno yale mawili yarudiane zenyewe kwa wiki kadhaa. Mwaka 1860, Marekani, Emerson Angell alieleza jambo hilihili kwa binti wa miaka kumi na nne na nusu aliyempanulia taya kwa skrubu: mwanya ulitokea ndani ya wiki mbili, naye akasema ni ushahidi kwamba mifupa imeachana. Wenzake wengi hawakumwamini wakati ule.

Nimekatwa_Nikapona

Shikamooni wakubwa. Mimi nilikuwa wa hatua E, nina miaka 29, nikafanyiwa upasuaji kwanza. Wanakulaza kwa nusu kaputi, wanakata mfupa pembeni na katikati ili taya liachie, halafu kipanuzi kinafanya kazi ya kusogeza. Mimi nilisubiri siku saba ndipo nikaanza kuzungusha.

Watu wanadhani njia hii ndiyo yenye maumivu makubwa kuliko zote. Kwangu kuzungusha hakukuuma kabisa, mfupa umeshakatwa, utakinzana na nini? Kilichouma ni siku tano za mwanzo: uso umevimba hasa siku ya pili na ya tatu, pua imeziba, damu kidogo puani, unalala umeegemea mito miwili. Marufuku kupenga. Mdomo wa juu na fizi za mbele zilikuwa na ganzi miezi miwili, unakunywa maji yanamwagika hujui. Imerudi karibu yote, imebaki sehemu moja chini ya pua inayowasha nikiigusa.

Ushauri wangu mdogo: siku ile ya tatu ukijiona kwenye kioo usikate tamaa. Ndiyo kilele. Ya nne inaanza kushuka.

Mwimbaji_Sauti_ya_Pili

Kuhusu dawa, mimi nilikatazwa kumeza ibuprofeni kila siku. Ni kweli inazuia mfupa?

Dokta_Mtarajiwa

Mfupa na meno husogea kwa msaada wa kemikali zilezile za mwili zinazoleta uvimbe na maumivu. Ibuprofeni inazipunguza, na kwenye majaribio ya wanyama imeonekana kupunguza kasi ya jino kusogea. Dozi moja siku iliyokuzidia haiwezi kuharibu kazi. Kuinywa mfululizo kwa wiki ndiko madaktari wengi hawapendi, hivyo wanaanza na parasetamoli. Mwenye vidonda vya tumbo au shida ya figo asiiguse bila kuuliza. Na jambo ambalo kwangu ni zito kuliko yote hayo: dawa kali ya maumivu kila siku inakuficha ile dalili ambayo mleta uzi ameieleza vizuri. Kama unahitaji dawa ili uweze kuzungusha, daktari wako anatakiwa kujua.

Usafi nao unaingia kwenye maumivu. Nusu ya "kaakaa linawaka" ninazoziona ni mabaki ya chakula juu ya kipanuzi na fizi iliyovimba kuzunguka skrubu. Miswaki ile midogo ya katikati ya meno, mara mbili kwa siku, pole pole kuzunguka kila kichwa cha skrubu, na kusukutua kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi. Ukiona usaha, harufu, au skrubu inatikisika, usisubiri miadi.

Tabasamu_Jipya

Hapo kwenye mabaki: niliwahi kukaa siku mbili na maumivu ya kuchoma upande wa kushoto, nimeshaanza kuwaza mambo makubwa. Nikaingiza kioo kidogo kinywani, nikaona uzi wa nyama umejikunja chini ya mkono wa kipanuzi, ngozi imekuwa nyekundu. Niliutoa kwa mswaki mdogo. Jioni ileile nikapona.

Mambo madogo yaliyonisaidia: kuzungusha jioni baada ya kula na kupiga mswaki, ili ule mbano unikute nimepumzika. Kula laini siku mbili tatu za mwanzo, na kukata vipande vidogo kwa sababu meno ya juu na ya chini hayakutani tena vizuri mpaka nyaya zije kuyapanga. Nta ya meno kwenye kona inayokwaruza ulimi. Na daftari. Kila jioni niliandika mistari miwili: panauma wapi, imechukua muda gani kutulia. Daktari wa pili aliniomba daftari lile kila nilipoenda, akalisoma kabla hata hajawasha taa ya kiti. Hakuna siku aliyoniona mtoto.

Baada ya kufikia upana uliotakiwa nilikaa nacho miezi sita bila kuzungusha, mfupa mpya ujaze katikati. Miezi hiyo haina maumivu ya kusimulia, ila meno ya mbele yakirudiana yanauma kidogo ukiuma kitu kigumu.

Kichwa_Kizito

Narudi na majibu. Nilipiga simu juzi asubuhi, wakaniita siku ileile. Daktari hakunikaripia. Ameangalia, akasema meno ya kushoto yameanza kuinama, akarudisha skrubu nyuma mizunguko miwili na kuifunga kwa waya isizunguke. Ndani ya saa chache kichwa kimeacha kuuma, mara ya kwanza tangu nianze. Leo nimepiga CT: hatua D. Tumekubaliana kipanuzi hiki kitoke wiki ijayo, nipumzike, kisha tuzungumze kati ya skrubu za mfupani na upasuaji.

Gego halichezi. Nimeuliza hilo kwanza kabla ya chochote.

Tabasamu_Jipya

Ahsante Mungu. Siku ya skrubu, mwambie akupake kwanza ganzi ya juu juu na achome polepole sana zile sindano za kaakaa. Mimi sikujua kama hilo linaombwa.

Kichwa_Kizito

Nimeliandika. Ukurasa wa kwanza wa daftari.